Umeme Salama kwa Gari la Rimoti Lenye Mota Isiyo na Brashi

Gari dogo la rimoti lenye mota isiyo na brashi si kitu cha kuchezea tu kama wengi wanavyodhani. Gari la namna hiyo, ingawa urefu wake kwa kawaida hauzidi nusu mita, linaweza kukimbia kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa au zaidi, na uzito wake hufikia kilo mbili au tatu. Kitu chenye uzito na kasi hiyo kikimgonga mtoto mguuni kinaweza kumvunja mfupa. Kwa hiyo, kabla ya mnunuzi kuuliza gari linakimbia kiasi gani, inafaa aulize kama gari hilo litaendelea kumtii aliyeshika rimoti muda wote linapokimbia.

Utii huo hautokani na nguvu ya mota. Unatokana na umeme mdogo unaoviendesha vifaa viwili vidogo: kipokezi, ambacho hupokea amri kutoka kwenye rimoti, na sevo, ambayo hugeuza magurudumu ya mbele. Umeme huo ukizidi, vifaa huungua. Ukipungua, hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, gari hubaki bila mwelekezi. Makala haya yanaeleza umeme huo unatoka wapi, unapimwaje, na nini mtumiaji anapaswa kukihakikisha kabla ya kununua, kufunga au kubadilisha kifaa chochote.

Umeme wa aina mbili ndani ya gari moja

Gari lina betri kuu moja, lakini lina mahitaji mawili yasiyofanana. Mota huhitaji msongo mkubwa na mkondo mwingi. Betri ya seli tatu yenye volti 11.1, ikitoa ampea 60 gari linapoondoka kwa kasi, hutoa takribani wati 666. Hiyo ni karibu theluthi mbili ya nguvu ya pasi ya wati 1000. Kipokezi na sevo, kwa upande mwingine, huhitaji msongo mdogo na ulio thabiti. Sevo nyingi za kawaida zimetengenezwa kwa volti 4.8 hadi 6.

Kifaa kinachosimama kati ya mahitaji hayo mawili ni kidhibiti mwendo, ambacho kwenye lebo huandikwa kwa herufi ESC. Kidhibiti hiki kina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kuchukua umeme wa betri na kuugawa kwa zamu katika nyaya tatu za mota, jambo linaloifanya mota izunguke bila brashi. Kazi ya pili ni kuushusha umeme wa betri hadi kiwango kinachovifaa kipokezi na sevo. Kazi hii ya pili hufanywa na regulata iliyomo ndani ya kidhibiti, ambayo kwenye lebo huandikwa BEC.

Zamani magari mengi yalikuwa na betri ya pili, ndogo, kwa ajili ya kipokezi peke yake, na magari yanayotumia injini ya mafuta huwa nayo hadi leo. Regulata ilibuniwa ili kuondoa haja ya betri hiyo. Mtumiaji hupata nafuu ya kuwa na betri moja, lakini pia hupata wajibu mpya: kuhakikisha kwamba regulata inaumudu mzigo wote inaotwishwa.

Umeme wa regulata hufika kwenye kipokezi kupitia plagi ndogo yenye nyaya tatu. Waya mwekundu ni wa chanya. Waya mweusi au wa kahawia ni wa hasi. Waya wa tatu, ambao huwa mweupe, wa manjano au wa rangi ya chungwa, hupitisha amri tu. Kutoka kwenye kipokezi, umeme huo huo husambazwa kwa kila kifaa kilichochomekwa hapo: sevo, taa, feni au kamera.

Kwa nini gari huacha kutii

Sababu ya kwanza ni upungufu wa ghafla wa msongo. Sevo inapogeuza magurudumu gari likiwa limesimama juu ya lami, au gurudumu linapogonga jiwe, huvuta mkondo mkubwa kuliko kawaida. Sevo yenye nguvu inaweza kuvuta ampea 2 au 3, na nyingine huvuta zaidi. Regulata isipoweza kutoa kiasi hicho, volti 6 hushuka hadi 5, kisha 4. Vipokezi vingi vikifika karibu na volti 3.5 huzimika, kisha hujiwasha upya umeme unaporejea. Katika muda huo mfupi sevo haipati amri na usukani haufuati rimoti. Hata kama kidhibiti kitaikatia mota umeme kwa kukosa amri, gari huendelea kuserereka kwa kasi iliyokuwa nayo, likielekea lilikokuwa linaelekea.

Sababu ya pili ni joto. Zipo regulata za aina mbili. Aina ya kwanza hushusha msongo kwa kuigeuza ziada yote kuwa joto. Betri ya seli tatu iliyojaa ina volti 12.6. Ikishushwa hadi volti 5 wakati vifaa vinavuta ampea 2, wati 15.2 hupotea kama joto ndani ya sehemu ndogo kuliko kibiriti. Regulata za aina hii kwa kawaida hujizima zikipata joto la kupita kiasi, na hurudi kufanya kazi zikipoa. Ndiyo maana mwenye gari huweza kulipeleka kwa fundi na fundi asione tatizo lolote: gari limefika likiwa limepoa. Aina ya pili hukata na kuunganisha umeme mara nyingi sana kwa sekunde, hupoteza umeme kidogo na haipati joto jingi. Kwa betri ya seli tatu au zaidi, aina hii ya pili ndiyo inayofaa.

Sababu ya tatu ni mwunganiko dhaifu: plagi iliyolegea, lehemu iliyopasuka, au waya uliochubuka na kugusa chuma. Gari hutikisika sana linapokimbia, na kiungo kinachoonekana kizima mezani kinaweza kuachia barabarani.

Maswali matatu kabla ya kununua

Swali la kwanza ni la volti. Kila kifaa kitakachochomekwa kwenye kipokezi kinastahimili volti ngapi? Kumbuka kwamba vyote hupata msongo uleule. Baadhi ya vidhibiti humruhusu mtumiaji kuchagua volti 6 au 7.4. Mtu anaponunua sevo yenye nguvu inayotaka volti 7.4 na kuibadilisha regulata ili ilingane nayo, feni na taa zilizotengenezwa kwa volti 5 au 6 hupata 7.4 pia, na huenda zikaungua. Kiwango cha kifaa kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho kinachopaswa kuheshimiwa.

Kwa sababu hiyo hiyo, kipokezi kisiunganishwe moja kwa moja na betri kuu. Betri ya seli mbili huandikwa volti 7.4, lakini inapojaa huwa na volti 8.4. Sevo ya volti 6 ikipewa umeme huo inaweza kuharibika. Ni vifaa vile tu ambavyo mtengenezaji ameandika kuwa vinaruhusiwa kupokea volti 8.4 vinavyoweza kutumiwa hivyo.

Swali la pili ni la ampea. Regulata inaweza kutoa ampea ngapi mfululizo? Mnunuzi asichanganye kiwango hiki na kile kikubwa kilichoandikwa kwenye kidhibiti. Ampea 60 zinazotangazwa kwa maandishi makubwa ni za mota. Za regulata huandikwa kwa maandishi madogo, mara nyingi kwa mfano wa volti 6 na ampea 3. Aidha, baadhi ya vidhibiti vya msongo mkubwa havina regulata kabisa. Muuzaji asiyeweza kukuonesha kiwango cha regulata kwenye lebo au kwenye kitabu cha maelekezo hajakupa taarifa unayoihitaji ili kununua kwa usalama.

Swali la tatu ni la chanzo. Je, umeme wa kipokezi unatoka sehemu moja tu? Vyanzo viwili vilivyounganishwa pamoja bila kifaa maalumu cha kuvitenganisha huweza kudhuriana, kama itakavyoelezwa hapa chini.

Mfano wa hesabu

Tuseme kijana amenunua gari ambalo regulata yake inatoa ampea 3. Sevo yake huvuta hadi ampea 2.5 inapokabwa. Kipokezi huvuta ampea 0.1. Jumla ni ampea 2.6, na gari linafanya kazi vizuri. Baadaye kijana huyo anafunga feni ya ampea 0.2 na taa za ampea 0.3. Jumla sasa ni ampea 3.1.

Gari litawaka, taa zitang'aa, na kwa muda mrefu hakuna kitakachoonekana kuharibika, kwa sababu sevo haivuti ampea 2.5 kila wakati. Huvuta kiasi hicho pale tu kona inapokuwa kali au gurudumu linapokwama, yaani wakati ule ule ambao usukani unahitajika kuliko wakati mwingine wowote. Hatari ya upungufu wa umeme ni kwamba hujificha katika matumizi ya kawaida na kujitokeza katika dharura.

Kanuni nzuri ni kujumlisha mahitaji ya juu ya kila kifaa, kisha kuacha akiba ya angalau theluthi moja. Kwa mzigo wa ampea 3.1, regulata ya ampea 5 inatosha na inabaki na nafasi. Njia nyingine, isiyo na gharama, ni kuondoa taa.

Regulata ya nje na waya mwekundu

Mtumiaji anayehitaji umeme zaidi anaweza kufunga regulata ya nje. Upande wake wa kuingizia huunganishwa na betri kuu, na upande wa kutolea huchomekwa kwenye nafasi iliyo wazi ya kipokezi. Kabla ya kufanya hivyo, soma lebo kuhakikisha kwamba regulata inastahimili volti za betri ikiwa imejaa, si volti za jina lake tu.

Hapa ndipo kosa kubwa hufanyika. Regulata ya ndani ya kidhibiti bado inatoa umeme kupitia waya mwekundu wa plagi yake. Regulata mbili haziwezi kulingana kabisa. Ile yenye msongo mkubwa kidogo hubeba mzigo wote na kuusukuma umeme kuelekea kwenye nyingine, na mojawapo inaweza kupata joto au kuharibika. Kwa hiyo, isipokuwa kitabu cha maelekezo kinasema vinginevyo, waya mwekundu wa plagi itokayo kwenye kidhibiti uondolewe.

Si lazima kuukata. Ukiwa umechomoa betri kuu, inua taratibu kwa ncha ya sindano kiulimi cha plastiki kinachoshikilia pini, vuta waya mwekundu utoke, kisha ufunge pini yake kwa utepe wa umeme ili isiguse kitu chochote. Waya mweusi na waya wa amri vibaki mahali pake. Bila waya mweusi, kidhibiti na kipokezi haviwezi kuelewana.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba swichi ya kidhibiti haiizimi regulata ya nje. Gari linaweza kuonekana limezimwa ilhali regulata inaendelea kunyonya betri. Hata pasipo regulata ya nje, swichi hiyo kwa kawaida haiitengi betri na kidhibiti kikamilifu. Njia pekee ya uhakika ya kuzima gari ni kuchomoa betri.

Betri kuu

Usalama wa umeme mdogo huanzia kwenye betri. Magari mengi ya aina hii hutumia betri za lithiamu polima, ambazo wauzaji huziita lipo. Kila seli ina volti 3.7 za kawaida na 4.2 ikiwa imejaa, na haipaswi kushuka chini ya volti 3 wakati wa matumizi. Kidhibiti kiwekwe katika mpangilio wa lipo, ili kikate nguvu ya mota kabla seli hazijaisha kabisa. Seli zikidhoofika, msongo wa betri huyumba na regulata hukosa umeme wa kutosha wa kufanyia kazi.

Chaja iwe ya lipo na iwe na uwezo wa kusawazisha seli. Isipokuwa lebo ya betri inasema vinginevyo, betri ya miliampea-saa 5000 ichajiwe kwa mkondo usiozidi ampea 5. Betri itolewe ndani ya gari, iwekwe juu ya kitu kisichoshika moto kama sakafu ya saruji au vigae, mbali na godoro, zulia na mapazia, na isiachwe bila mtu wa kuiangalia. Kuchaji usiku watu wakiwa wamelala ni kuhatarisha nyumba nzima. Betri isiyotumika kwa siku kadhaa ihifadhiwe ikiwa na takribani volti 3.8 kwa kila seli.

Betri iliyovimba, kutoboka au kupondwa isichajiwe tena. Ikianza kutoa moshi, waondoe watu, usivute hewa ya moshi huo kwa kuwa una sumu, na piga simu ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambayo kwa Tanzania ni 114.

Anayeletewa gari na ndugu kutoka ng'ambo azingatie pia kanuni za usafiri wa anga. Betri ya lithiamu ya ziada hubebwa katika mzigo wa mkononi, ncha zake zikiwa zimefunikwa, na haiwekwi katika mizigo inayokabidhiwa kwa shirika la ndege. Betri isiyozidi wati-saa 100 kwa kawaida haihitaji kibali. Ili kupata wati-saa, zidisha volti kwa ampea-saa: betri ya volti 11.1 na ampea-saa 5 ina wati-saa 55.5.

Kuwasha, kujaribu na kuzima

Rimoti iwashwe kwanza, gari lifuate. Wakati wa kuzima, gari lizimwe kwanza, rimoti iwe ya mwisho. Kwa utaratibu huo gari halibaki hata dakika moja likiwa na nguvu bila amri.

Kabla ya kuunganisha betri, hakikisha chanya inakutana na chanya na hasi na hasi. Kosa la kugeuza nyaya hizi huweza kukiharibu kidhibiti papo hapo. Kosa la kugeuza nyaya za mota halina madhara hayo: mota ikizunguka kinyume, badilishana nyaya zozote mbili kati ya tatu, betri ikiwa imechomolewa.

Baada ya kufunga kifaa kipya, fanya jaribio rahisi. Chomoa nyaya tatu za mota na uzitenganishe ili zisigusane. Weka gari chini, washa rimoti na gari, kisha geuza usukani kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa muda wa dakika moja, taa na feni zikiwa zimewaka. Taa ya kipokezi ikipepesa, sevo ikisitasita, au kidhibiti kikipata joto lisiloshikika, umeme hautoshi na gari lisipelekwe uwanjani. Ikiwa sevo inaendelea kunguruma magurudumu yakiwa yamefika mwisho, punguza upeo wa usukani kwenye rimoti. Sevo inayosukuma kitu kisichosogea huvuta mkondo mwingi bila faida.

Jaribio la pili ni la kupotea kwa mawimbi. Rudisha nyaya za mota, inua gari magurudumu yasiguse chini, liendeshe polepole, kisha zima rimoti. Magurudumu yanapaswa kusimama. Yasiposimama, fuata kitabu cha maelekezo kupanga hali ya dharura ya kipokezi kabla ya kuliendesha gari hilo popote.

Haki na wajibu wako

Dai risiti, na dai kitabu cha maelekezo kinachoonesha volti na ampea za kila kifaa. Muuzaji akikuambia kwamba kifaa kinalifaa gari lako, mwombe aandike hivyo kwenye risiti. Hifadhi lebo na kifungashio mpaka umalize majaribio yaliyoelezwa hapo juu. Kifaa kikiungua licha ya kutumiwa ndani ya viwango vilivyoandikwa, usikifungue wala kukitengeneza mwenyewe. Kipige picha, kirudishe pamoja na risiti, na eleze kilikuwa kimeunganishwa na nini.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji katika biashara. Kuandika kwenye lebo uwezo ambao kifaa hakina ni upotoshaji, na malalamiko ya namna hiyo yanaweza kupelekwa Tume ya Ushindani. Lakini mlaji aliyechomeka taa, feni na sevo kubwa bila kujumlisha ampea zake atakuwa na hoja dhaifu mbele ya muuzaji yeyote. Hesabu ile huchukua dakika tano kwa kalamu na karatasi. Ifanye kabla ya kulipa, na uirudie kila unapoongeza kifaa kipya.